Mmishenari Ambaye Hakusafiri

Siku saba kabla ya Krismasi ya mwaka 1987, mtunzi wa programu wa Kimarekani aitwaye Larry Wall aliitoa hadharani lugha mpya ya kompyuta. Hakuiuza. Aliyeitaka aliichukua bure, akaitumia, akaifungua na kuona ilivyoshonwa ndani. Jina alilotaka kuipa lilikuwa Pearl, yaani lulu, kwa kuukumbuka ule mfano wa Yesu katika Injili ya Mathayo, wa mfanyabiashara aliyeuza kila alichokuwa nacho ili ainunue lulu moja. Ilipobainika kwamba lugha nyingine ya kompyuta ilikwisha kulitwaa jina hilo, herufi moja ilidondoshwa, ikabaki Perl.

Wengi waliowahi kuitumia Perl hawajui habari ya lulu. Wanaoijua huiona kama pambo la jina tu. Lakini nyuma ya jina hilo kuna safari ambayo haikufanyika, na huenda ingefika huku kwetu. Wall na mke wake walisoma isimu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiwa na shabaha moja: watafute lugha isiyo na maandishi, pengine barani Afrika, waitungie mfumo wa kuandikia, kisha watafsiri maandiko kwa lugha hiyo, Biblia ikiwemo. Sababu za kiafya ziliukata mpango huo. Hawakwenda.

Hapo ndipo swali linapoanza, na ni swali zito kuliko kompyuta. Mtu akiamini kwamba ameitwa na Mungu, akajiandaa kwa miaka, kisha mwili wake ukakataa, ule wito unakwenda wapi? Umekufa? Ulikuwa sauti ya moyo wake mwenyewe tangu mwanzo? Au umegeuka kuwa kazi nyingine, na kama umegeuka, nani anaweza kusema kwa hakika kwamba hiki kipya ndicho kilekile cha zamani?

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki neno wito lina makazi yake. Padri ana wito. Mtawa ana wito. Mwinjilisti aliyeacha ajira ya benki akaenda kuhubiri vijijini ana wito, na ushuhuda wake husikilizwa kwa utulivu. Fundi bomba ana kazi. Daktari na mwalimu hupewa neno hilo mara mojamoja, hasa siku ya mahafali. Kijana anayekesha mbele ya kompyuta akiandika msimbo huombewa apate ajira, na kanisa likishamwombea hilo linakuwa limemaliza habari yake. Na yule aliyekwenda chuo cha uchungaji akarudi nyumbani kwa ugonjwa? Huyo hatuna neno lake kabisa. Watu humsalimia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefiwa.

Wall, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1954, hakuwa na njia iliyonyooka hata kabla ya hapo. Alisoma Seattle Pacific, chuo cha Kikristo kilichoko kaskazini-magharibi mwa Marekani. Alianza na kemia na muziki, akahamia masomo ya matayarisho ya udaktari, akasimama kwa muda ili afanye kazi katika kituo cha kompyuta cha chuo, akarudi darasani, na mwaka 1976 akahitimu katika fani iliyoshonwa kwa kipimo chake: lugha za asili na lugha za kubuni. Mzazi wa Dar es Salaam au Nakuru angeliona hilo kuwa ni hangaiko la kijana asiyejua anachotaka. Kwa kweli kulikuwa na uzi mmoja ndani yake, ila hakuna aliyeweza kuuona wakati ule, pengine hata mwenyewe.

Baada ya Berkeley aliingia kazini kama watunzi wengine wa programu. Kwa muda alikuwa katika Jet Propulsion Laboratory, maabara ya masuala ya anga inayoendeshwa kwa ajili ya NASA. Alishinda mara mbili, mwaka 1986 na 1987, lile shindano la kimataifa la kuandika programu ngumu kusomeka za lugha ya C, mchezo ambao mwenye kujua sarufi kwa undani huufurahia kama mshairi anavyofurahia kufunga fumbo. Na mwaka 1985 alitoa kijiprogramu ambacho watu wasio wa fani hii hawajakisikia, lakini kazi nyingi za pamoja zilizofuata zilikiegemea. Kiliitwa patch. Kiswahili kina neno lake kamili: kiraka.

Kabla ya kiraka, mtu aliyerekebisha mistari miwili katika faili la mistari elfu kumi alilazimika kulituma faili zima. Aliyelipokea, kama naye alikuwa na marekebisho yake, alikuwa hatarini kuyapoteza yote. Programu ya Wall ilichukua tofauti peke yake, ile mistari miwili tu, ikaenda kuishona mahali pake. Hata kama mistari ilikuwa imesogea kidogo kwa sababu mwingine ameongeza kitu juu yake, kiraka kilipapasa huku na huku mpaka kikapapata. Tangu hapo mtu wa Helsinki na mtu wa Sydney, wasiojuana, waliweza kuishona nguo moja. Linus Torvalds alipoanza mfumo endeshi wa Linux mwaka 1991, kwa zaidi ya miaka kumi alipokea kazi za wenzake kwa njia hiyo, viraka vikiingia kimoja kimoja kwa barua pepe.

Kisha ikaja Perl. Wakati huo Wall aliajiriwa na Unisys, katika mradi wa siri wa serikali ya Marekani, na alihitaji kukusanya taarifa kutoka katika mafaili mengi yaliyotawanyika. Chombo kilichokuwepo, awk, hakikumudu kufungua na kufunga mafaili mengi kwa kufuata yaliyoandikwa ndani yake. Mtu mwingine angeandika programu ya kutatua tatizo hilo moja na kwenda zake nyumbani. Wall aliandika lugha nzima.

Mwanaisimu aliyemo ndani yake anaonekana hapa waziwazi. Lugha nyingi za kompyuta zimeegemea hisabati, na hisabati hutaka jambo moja lisemwe kwa njia moja. Wall alianza upande wa pili. Alijua kwamba wanadamu hufupisha wanachokisema mara kwa mara, huacha mengine yaeleweke kwa muktadha, na husema jambo moja kwa njia kumi kulingana na aliye mbele yao. Akataka lugha ya kompyuta iwe hivyo. Kauli kuu ya jamii ya Perl ikawa kwamba njia za kufanya jambo ni zaidi ya moja, na watunzi wa lugha nyingine wamekuwa wakiipinga kauli hiyo mpaka leo.

Msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuonja alichokifanya. Katika Perl jina hubeba alama mbele yake: $ ikiwa ni kitu kimoja, @ ikiwa ni vingi. Hii ni ngeli, kama ki- na vi-. Ukiandika $kiti umetaja kimoja, ukiandika @viti umetaja safu nzima. Ukitaka kiti cha kwanza katika safu hiyo, unaandika $viti[0], yaani alama ya umoja inarudi mbele, kwa sababu sasa unakizungumzia kimoja tu kati ya vingi. Upatanisho nao upo: ukiiweka @viti mahali panapotarajiwa kitu kimoja, haileti orodha, inakupa idadi. Kuna pia alama ya $_ inayosimama badala ya kile tunachokizungumzia sasa hivi, na mara nyingi hata hiyo huachwa bila kuandikwa. Mama akisema “kilete,” mtoto aliyekuwa akisikiliza anajua ni kiti kipi. Perl hutenda vivyo hivyo.

Hakuna haja ya kudai kwamba Wall aliiga Kibantu. Aliyatoa hayo katika isimu, elimu aliyoisoma kwa ajili ya watu ambao hakuwahi kukutana nao.

Sasa turudi kwenye swali. Dini haijawahi kuifunga kazi ya Mungu ndani ya mimbari, ingawa waumini wamejaribu mara nyingi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, anatajwa Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na Biblia inasema huyu alijazwa roho ya Mungu ili afanye kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Alikuwa fundi, hakuwa kuhani. Ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kusemwa hivyo katika maandiko yote. Katika Kurani, Nabii Daud alilainishiwa chuma na kuamrishwa atengeneze deraya na apime vyema pete zake. Hadithi ya Mtume inamsifu kwa kula kutokana na kazi ya mikono yake. Karne ya 16 Martin Luther alilipinga kwa nguvu wazo kwamba mtawa yuko karibu zaidi na Mungu kuliko mtumishi wa nyumbani anayefagia. Kwa hiyo kusema kwamba msimbo unaweza kuandikwa mbele za Mungu si uzushi wa zama za kompyuta.

Lakini tuwe waangalifu. Kusema kazi ya ufundi ni halali mbele za Mungu ni jambo moja. Kusema kazi ya ufundi ni uleule umisheni uliokosekana ni jambo jingine, na hilo la pili husemwa haraka mno, kwa nia njema ya kumfariji aliyezibiwa njia.

Mfikirie mmishenari Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Akabaki. Akajifunza Kiswahili, lugha ambayo tayari ilikuwa ikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, akaanza kutafsiri, akakusanya maneno. Kamusi yake ilichapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Tunaweza kumkosoa Krapf kwa mengi, na wanahistoria wamemkosoa. Lakini aliilipa nauli. Wall hakuilipa nauli hiyo. Perl ilimpa sifa, kitabu kilichouzwa sana, na miaka kadhaa ya mshahara kutoka kwa wachapishaji O'Reilly, waliomwajiri aendelee na kazi yake. Mfalme Daudi, alipopewa bure uwanja wa Arauna Myebusi, alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu chochote. Haki inamtaka anayemsifu Wall alikabili neno hilo.

Na ile lugha isiyo na maandishi? Ilibaki ikisubiri. Perl haikumwandikia mtu yeyote alfabeti. Tanzania peke yake ina lugha zaidi ya 120, na kazi ambayo Wall na mkewe waliitamani imefanywa na wengine. Kuanzia miaka ya 2000, wanaisimu wa shirika la SIL na wenyeji wa nyanda za juu kusini wamekuwa wakikaa pamoja huko Mbeya, wakiamua jinsi ya kuandika irabu za Kinyiha, toni za Kimalila, sauti za Kisafwa, Kisangu na Kivwanji, na kutafsiri. Ni kazi ya kukaa na wazee na kuuliza neno hilohilo mara ishirini. Wanaoifanya hawaalikwi kuhutubia mikutano mikubwa. Wao ndio walioshika nafasi ile.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni gumu, nalo lisemwe wazi: wito wa Wall wa Afrika haukugeuka kuwa Perl. Uliisha. Kilichobaki ni matayarisho, yaani sikio la mwanaisimu na ile tabia ya kumwazia msemaji kwanza, kabla ya kanuni, na hicho ndicho kilichopata mahali pengine pa kumea. Mti ukikatwa, mizizi haiulizi kama chipukizi jipya litakuwa na umbo la mti wa kwanza.

Ni katika jamii iliyoizunguka Perl ndipo imani ya Wall ilipojaribiwa kweli. Kitabu chake kikuu kuhusu lugha hiyo, kilichotoka mwaka 1991 kikiwa na picha ya ngamia kwenye jalada, kiliwapa watunzi wa programu sifa kuu tatu: uvivu, papara na kiburi. Uvivu ndio unaomfanya mtu aandike programu leo ili asirudie kazi hiyo kesho, na aieleze vizuri ili asiulizwe maswali. Papara humfanya akasirikie kompyuta inayokawia. Kiburi humfanya aandike kitu ambacho hakuna atakayepata la kukisema vibaya. Mkristo kukiita kiburi sifa njema ni jambo la kushtua. Katika mafundisho ya kanisa tangu zamani, kiburi ndicho kichwa cha dhambi.

Ufafanuzi ulikuja baadaye. Mwaka 1999 Wall aliandika insha, na kichwa chake kilitaja mambo matatu mengine: bidii, subira na unyenyekevu. Hizo ni kinyume kabisa cha zile tatu, na alizitaja kama sifa za jamii. Fundi akiwa peke yake na kazi yake anahitaji ukaidi fulani. Akitoka nje na kuketi na wenzake, ukaidi uleule unaweza kuivunja nyumba. Hapa Wall aligusa jambo ambalo wahubiri wengi hulipita: kwamba fadhila si kitu cha mtu mmoja mmoja tu, kwamba kasoro ya mmoja inaweza kubebwa na kurekebishwa na ukoo mzima wa wafanyakazi. Mtu anayesali peke yake na mtu anayesali katika safu hawafanyi jambo lilelile, japo maneno ni yaleyale.

Na jamii hiyo ilikuwa na namna zake za kuishi. Kanuni yake ya kwanza ilisema kwamba kuhusu Perl, Larry yuko sahihi daima. Ya pili ilisema Larry anaruhusiwa kubadili mawazo wakati wowote, hata kama amekwisha kuitumia kanuni ya kwanza. Mamlaka pamoja na ruhusa ya kutubu, vimefungwa katika sentensi mbili. Mabaraza ya wazee yangeweza kujifunza hapo. Wall hakuyakalia mamlaka hayo. Zamu ya kuitunza Perl ilipita mkono kwa mkono, na aliyekuwa na zamu alisemwa kwamba ameshika boga. Mwaka 1995 ilianzishwa CPAN, ghala ambalo yeyote duniani aliweza kuweka moduli alizoandika ili wengine wazichukue. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: wengi waliojaza ghala hilo walikuwa waajiriwa wa kawaida walioandika usiku baada ya kazi ya mchana. Leseni za Perl zilikuwa mbili, ile ya programu huria iitwayo GPL na nyingine aliyoitunga Wall mwenyewe akaiita leseni ya kisanii. Mwaka 1998 alikuwa mtu wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Free Software Foundation kwa kuendeleza programu huria.

Matunda ya utoaji huo hayakupimwa kwa macho ya mtoaji. Katika miaka ya 1990 kurasa nyingi za mwanzo za intaneti zilizomjibu mtu alipoandika kitu ziliendeshwa na Perl. Mwaka 1996 mwanasayansi Lincoln Stein aliandika makala akieleza jinsi Perl ilivyouokoa mradi wa kusoma jenomu ya binadamu: maabara zilikuwa zikitunza takwimu kwa namna zisizopatana, na Perl ndiyo iliyozikalimani. Ukalimani! Neno hilo si la bahati tu. Huyu ndiye aliyetaka kuwa mtafsiri.

Katika Uislamu kuna fundisho la sadaka yenye kuendelea: mtu akifa amali zake hukatika, isipokuwa mambo machache, na mojawapo ni elimu yenye kunufaisha. Wanazuoni wamelitumia kwa kisima, kwa msikiti, kwa kitabu. Programu iliyotolewa bure, ikabaki wazi ili mwingine aisome na kuirekebisha, inastahili kuingia katika mazungumzo hayo. Lakini kisima hakimchagui mnywaji. Perl ileile iliyokalimani jenomu ilitumika pia kutuma barua pepe za ulaghai, na ilizaliwa ndani ya mradi wa siri ambao mlipakodi wa Marekani hakuambiwa habari zake. Mtoaji hawezi kuyazuia hayo bila kuacha kutoa. Wall alichagua kutoa, na katika mizani hiyo alichagua vyema.

Mwaka 2000, Perl ilipoanza kuchoka, Wall alitangaza kwamba lugha itaandikwa upya kutoka msingini. Aliiomba jamii itoe mapendekezo. Yalikuja 361. Kuanzia mwaka 2001 alianza kuyajibu kwa mfululizo wa maandiko aliyoyaita Apocalypse, yaani ufunuo, kwa maana ya asili ya neno hilo, kufunua kilichofunikwa. Mtunzi mwenzake Damian Conway akafuata na maandiko ya ufafanuzi, akayaita Exegesis, neno la wafasiri wa Biblia. Hata ndani ya msimbo wa Perl 5, toleo la mwaka 1994, amri inayokigeuza kifurushi cha taarifa kuwa kitu kamili chenye tabia zake inaitwa bless: bariki.

Kazi hiyo mpya ilichukua miaka 15. Ilitoka siku ya Krismasi ya 2015. Kufikia hapo lugha mpya ilikuwa imetofautiana mno na ya zamani, na kuziita zote Perl kuliwachanganya watu na kuwaudhi wa pande zote. Oktoba 2019 likapendekezwa jina jingine, Raku, lililokatwa kutoka Rakudo, jina la mojawapo ya programu zinazoiendesha. Jina la Rakudo lina safari yake: kwa Kijapani linakumbusha njia ya ngamia, na vilevile linamaanisha pepo. Wall aliombwa idhini. Akakubali, na kama sababu akautaja ule mfano wa Yesu juu ya mtu asiyeshona kiraka cha kitambaa kipya kwenye vazi kuukuu, kwa kuwa kitalichana zaidi.

Aliyesema hivyo ndiye aliyekitunga kiraka mwaka 1985. Alikuwa amewapa watu wa fani yake chombo cha kushonea kipya juu ya kikuukuu, na kilifanya kazi kwa miongo mitatu. Sasa alikiri kwamba kuna mahali ambapo kiraka hakifai, kwamba jina alilolipenda, jina la lulu, halina budi kubaki na vazi la zamani. Ni wachache wenye kuachia hivyo kitu walichokizaa.

Pengine ndiyo maana ni haki kuliuliza jina lenyewe. Katika Mathayo 13 mfano wa lulu haukukaa peke yake. Kabla yake tu, katika aya moja fupi, kuna mfano mwingine: mtu anakuta hazina iliyofichwa shambani. Mfanyabiashara wa lulu alikuwa akitafuta. Alijua lulu nzuri ikoje, akazunguka mpaka akaipata. Yule wa shambani hasemwi kuwa alikuwa akitafuta chochote. Wote wawili waliuza vyote walivyokuwa navyo, na ufalme wa mbinguni unafananishwa na wote wawili bila kuambiwa yupi alikuwa na imani zaidi.

Wall aliipa lugha yake jina la mfano wa pili. Maisha yake yanafanana na ule wa kwanza. Lulu aliyoitafuta ilikuwa kijiji asichokijua, lugha isiyoandikwa, na hakuipata. Alichokipata kilikuwa ndani ya shamba alilokuwa akilima kwa mshahara, chini ya tatizo la mafaili yaliyotawanyika. Mafundisho yetu ya wito yamejengwa karibu yote juu ya mfanyabiashara wa lulu: omba, tafuta, tambua, nenda. Mtu wa shambani tumemwachia watoto wa shule ya Jumapili. Ndiyo sababu kijana aliyerudi hana mahali pa kukaa katika masimulizi yetu.

Basi wachungaji, mashehe, makatekista na wazazi mnaosoma haya: akirudi kijana kutoka chuo cha uchungaji, madrasa ya mbali au nyumba ya malezi kwa sababu mwili umekataa, msimuulize atarudi lini. Muulizeni amejifunza nini huko. Kisha mpeni kazi inayokihitaji hicho alichojifunza, hata kama hakuna jina lake katika orodha ya huduma za kanisa au msikiti wenu.